Mti na daftari lake

Toka nimeshuka Amani juzi kichwa kimejaa miti tu, ngoja niandike kabla mambo ya shule hayajanimeza. Watu wengi wa Tanga mjini ukiwatajia Amani wanawaza baridi, chai na iliki, basi. Wachache sana wanajua kwamba kule juu, ndani ya wilaya yetu ya Muheza, kuna bustani ya mimea ya kama hekta 300, tena sio bustani ya maua na viti vya kukalia, ni miti imetawanyika kwenye vilima na mabonde, kiasi kwamba usipokuwa na mwenyeji unaweza kuikatiza yote ukidhani uko porini.

Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walijenga kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe, wakawa wanaleta miche na mbegu kutoka kila nchi ya joto waliyoweza kuifikia: mikwinini, mikarafuu maiti, mikungumanga, mdalasini, mianzi, minazi ya kila namna, miti ya mpira ya aina mbalimbali, kahawa. Hawakuleta kwa mapenzi ya miti, tuseme ukweli, walitaka kujua koloni lao litawaingizia nini. Mkonge ulikuwa umeshaingia kabla yao, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 na iliyofika hai ni 62 tu, na kutoka hiyo 62 ndo yakaja mashamba ambayo sisi wote wa mkoa huu tumekulia pembeni yake. Kahawa ya Usambara ilikuwa imewatia hasara, udongo ule ukiuona na msitu juu yake unadhani una rutuba ya ajabu, kumbe rutuba iko kwenye msitu wenyewe. Mpira nao ukaanguka bei mwaka 1913. Vita ilipokuja 1914 meli haziingii tena, Amani ikageuka mahali pa kutengenezea vitu vya dharura, ikiwemo kwinini ya askari, kutoka kwenye magome ya mikwinini yao wenyewe.

Baadaye Waingereza wakaendelea nayo, na hapa ndo penye jambo lililonishika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga kule Kenya, na mwaka 1950 hebariamu, yaani yale majani na maua yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi na kuandikwa yameokotwa wapi na nani na lini, ikahamia Nairobi. Karatasi zikaondoka. Miti ikabaki, maana mti hauhamishwi na lori.

Nilipokuwa nasoma botania pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulikuwa tunapelekwa kwenye bustani ya mimea ya chuo, na mimi nilidhani tunaenda kuona majani tu tupate marks turudi bwenini. Mwalimu wetu akatuambia jambo ambalo nililielewa nusu wakati ule: kwamba kilichopo pale sio miti, ni mkusanyo, na mkusanyo una pande mbili, ulioko ardhini na ulioko kwenye rejista. Kila mmea unaoingia unapewa namba. Namba ile inabeba habari zake, umetoka wapi hasa (sio "Morogoro", bali mlima gani, upande gani, mwinuko gani), ulichukuliwa porini au ulitoka bustani nyingine, ulikuja kama mbegu au kipandikizi, nani kauchukua, tarehe gani. Namba inaandikwa kwenye lebo ya bati, lebo inafungwa kwa waya uliolegea ili mti ukinenepa usijikate. Halafu kila baada ya muda mtu anapita na daftari, mti kwa mti, anatia alama: upo, umekufa, haujulikani ulipo, lebo imeanguka. Hiyo ya mwisho ndo mbaya kuliko zote, mi naona. Mti uliokufa ukiwa na namba bado unakufundisha kitu, ulivumilia miaka mingapi, ulikufa kiangazi gani. Mti mzima usio na namba ni kivuli tu, kizuri, lakini huwezi kumpa mtafiti mbegu zake ukamwambia hizi zimetoka mahali fulani.

Bustani za vyuo vikuu zilianza hivyohivyo, kwa ajili ya kujua kitu kwa hakika. Ile ya Padova kule Italia ni ya mwaka 1545, ilianzishwa ili wanafunzi wa udaktari waone mimea ya dawa kwa macho wajue ya kweli na ya kufanana, maana mgonjwa akipewa mzizi sio wenyewe anakufa. Kuna mti mmoja wa jamii ya minazi ulipandwa pale 1585 na mpaka leo unaishi. Miaka zaidi ya 400 kila kizazi kimempata mtu wa kuutunza na wa kujua ni upi.

Sasa mtu anaweza kuuliza, si bora mbegu ziwekwe tu kwenye friza, mambo ya kupalilia na kumwagilia ya nini? Kwa mahindi na mtama sawa, zinakaushwa, zinagandishwa, zinakaa miaka. Lakini mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa hili, chukua kokwa la embe liache juani mpaka likauke kabisa halafu upande uone kama litaota. Miti mingi ya misitu ya mvua iko hivyo, mbegu zake zikikauka zimekufa. Msambu wetu ni mmojawapo, ule ambao wananchi wa vijiji vya Amani wanaokota mbegu zake wanauza kwa ajili ya mafuta, na ambao jina lake la kitaalamu linambeba Stuhlmann, mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Amani. Mbegu zake hazipendi kukaushwa, na ukizipanda zinaweza kukaa miezi na miezi, hata zaidi ya mwaka, ndo zianze kuchungulia. Mti wa namna hiyo benki yake ni mti mwenyewe, hai, umesimama mahali, na mtu wa kuutunza. Hakuna njia ya mkato hapo.

Halafu kuna lile ua dogo la bluu la miambani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku kwetu, alilikuta kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga na pia juu msituni Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani, likafika kwa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen pale Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, Marekani walianza kulizalisha kibiashara miaka ya 1920, rangi nyeupe, za waridi, za mistari, maelfu ya aina. Kila mtu analo. Ila yale ya madirishani yameshachanganywa mno, huwezi kuyarudisha mwambani ukasema umelirudisha. Ukitaka kujua ua la mlima huu linatofautianaje na la mlima ule unahitaji mmea uliochukuliwa mwambani na mtu aliyeandika mwamba upi. Na kwa kufuata mimea ya hivyo, yenye asili inayojulikana, watafiti waliochunguza vinasaba walifika mahali wakaona Saintpaulia ni tawi tu la jamii ya Streptocarpus, toka mwaka 2015 imehamishiwa huko. Ua letu limebadilishwa jina kwa sababu mahali fulani kuna watu walitunza vyungu vya mimea vyenye namba. Mi nalipenda jambo hili sana.

Kuna upande ambao haupendezi, nao lazima niseme. Mhesi. Kwao ni magharibi, Bukoba na Uganda, ukaletwa Usambara Mashariki kama mti wa mbao unaokua haraka. Ukakua haraka kweli. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza huku wanadondosha kule, na misitu ilipokatwa mbao kwa fujo miaka ya 1970 na 1980 ikabaki mianya, mhesi ukaingia kwenye kila mwanya. Leo ukisimama juu ukaangalia chini unaona vichwa vyake katikati ya mitambara na minyasa ambayo ndo wenyeji. Kwa hiyo bustani ya mimea sio kitu kitakatifu, inaweza kuzaa tatizo, na hata kulitatua tatizo lenyewe unarudi kwenye daftari lilelile: huu uliingia lini, ulipandwa wapi kwanza, umetembea kiasi gani. Bila hiyo unabaki kubishana. Tangu 1997 eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia, hekta 8,380 na bustani iko humohumo, kwa hiyo mgeni na mwenyeji wanaishi uwanja mmoja na mtu anatakiwa awajue kwa majina.

Safari hii nilitembea na mzee mmoja aliyefanya kazi ya vitalu ujana wake wote, sitamtaja. Nilimwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama viatu, akasema hivyo vitakuangusha, tukaondoka. Huyu mzee haangalii lebo. Anakwangua gome kidogo kwa kisu, ananusa, ananipa na mimi ninuse. Mdalasini niliujua. Mti wa pili nikashtuka, harufu ile naijua lakini sio ya jikoni, ni ya msibani, karafuu maiti, ile tunayotumia kuandaa mwili, na nilikuwa sijawahi kuuona mti wake maishani, nimefundisha biolojia miaka yote hiyo. Babu akasema, "Huu ulikuwepo mimi sijazaliwa. Ule kule pembeni ni mtoto wake, nilimtoa kitaluni mwenyewe." Halafu akanionyesha mahali palipokuwa na mwingine ulioanguka kwa upepo, hapana kitu, majani tu, lakini yeye anapajua. Nikawa namuuliza huku naandika kwenye simu na mkono unatetemeka kwa haraka, maana nilikuwa nawaza, haya yote yako kwenye kichwa cha mtu mmoja mwenye mvi.

Ndo maana nasema, na najua kuna watu hawatakubaliana na mimi: hela zikipatikana za miti, iwe bustani ya chuo, iwe shule, iwe kijiji, sehemu kubwa iende kwa mtu wa kupita na daftari na kwa kukaa na wazee kama huyu, kabla hata ya kununua miche mipya. Siku ya kupanda miti huja wakubwa, huja kamera, kila mmoja anashika jembe. Siku ya kuhesabu iliyobaki hayupo mtu. Nafahamu shule moja ya sekondari ilipanda miti ya asili mingi sana uwanjani, vizuri kabisa, leo imekua mirefu na hakuna mwalimu wala mwanafunzi anayejua ni miti gani na mbegu zilitoka wapi. Na kinyume chake kinawezekana, tena hapahapa nchini. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliikuta kule Kilwa Karomia gigas, mti ambao watu walikuwa wameanza kudhani haupo tena duniani, imesimama michache mno. Walijua wanachotafuta kwa sababu kuna waliowatangulia walioandika. Mbegu zake zikapelekwa mpaka bustani ya Missouri kule St. Louis wakajaribu kuziotesha, na miche ikapatikana.

Mimi naanza na kidogo nilicho nacho. Nimeongea na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, tunaanza na michungwa, maana Muheza hakuna boma lisilo na mchungwa: kila mmoja aandike kwao kuna ipi, ni msasa, ni nairobi, ni valensia au jafa, nani aliupanda, kikonyo kilitoka kwa nani, unazaa mwezi gani. Kisha maembe, dodo, boribo, sindano, na yale madogo ya porini ambayo hayana jina sokoni lakini bibi zao wanayaita kitu. Daftari nimenunua la jalada gumu, kurasa nimezipiga mistari mwenyewe. Mwanafunzi mmoja kauliza kama aandike na mwembe uliokatwa mwaka jana. Nikamwambia andika huo kwanza.