Zulia Jeusi Mlangoni

Mama yangu mkubwa, ambaye anaishi na dimensia (maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra), alisimama kwenye mlango wa ofisi moja akakataa katakata kuingia, na mhudumu akadhani huo ni ukaidi tu wa uzee. Kumbe zulia jeusi lililotandikwa pale yeye aliliona kama shimo, kwa kuwa maradhi haya huweza kuvuruga namna ubongo unavyotambua rangi na kina. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, lakini mengi ya kuwarahisishia wazee mambo hayahitaji hata bajeti: kuandika vibao kwa herufi kubwa, kuweka kiti cha kupumzikia, na (hili naliona gumu zaidi) kumsubiri mzee amalize sentensi yake bila kumdakiza. Tulilikunja zulia, naye akaingia mwenyewe.