Swali la Kabila, Agosti 2009

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilianza usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, nami nilikuwa karani katika mtaa mmoja pembezoni mwa mji wa Nakuru. Haikuwa imetimia miaka miwili tangu ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa wengine mamia ya maelfu makwao, na katika ploti nilizopangiwa waliishi baadhi ya waliopitia kambi ya wakimbizi wa ndani kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Maswali ya umri, elimu, choo na maji hayakumkera mtu. La kabila ndilo lililonitia wasiwasi tangu tukiwa mafunzoni. Wenzetu wa Tanzania waliacha kuliuliza baada ya sensa ya 1967, ilhali kwetu lilibaki kwenye dodoso.

Niliongozana na mzee wa kijiji, mtu mwema aliyejua kila mlango. Taabu yake ni kwamba alikuwa na majibu tayari. Kabla hatujapiga hodi alikuwa ameshaninong'oneza, "Hawa ni watu wa upande ule, andika tu tusichelewe." Alikisia kwa majina, na kukisia kwa majina ndiko kulikofanyika kwenye vizuizi vya barabarani mwanzoni mwa 2008, ambapo vijana walidai vitambulisho visivyotaja kabila, lakini jina na wilaya vikawatosha.

Katika nyumba ninayoikumbuka zaidi tulimkuta mama wa makamo akichambua maharagwe kwenye ungo, mumewe ameegemea mlango. Walikuwa wa makabila mawili tofauti. Sitayataja, msomaji wa kwetu atatamani sana kuyajua, na hiyo ni sababu tosha ya kuyanyamazia. Nilipofikia swali lenyewe, mama aliacha kuchambua.

"Mwanangu, hiyo karatasi itasomwa na nani?"

Nilimweleza kwamba majina hayachapishwi pamoja na majibu, kwamba sheria inanifunga kutunza siri, na kwamba nitaandika atakavyojitaja mwenyewe, hata akisema yeye ni Mkenya basi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mzee naye ameapa. Nikamwomba mzee atusubiri nje. Alinuna, lakini alitoka.

Hapo mama akajibu bila kusita, na mumewe vivyo hivyo. Kwa watoto, baba alisema wafuate kabila lake kama ilivyo desturi. Binti yao mkubwa, aliyekuwa sekondari, akadakia kwamba yeye aandikwe Mkenya. Baba alitaka kumkatiza, mama akasema, "Baba Fulani, mwache ajisemee." Baba alimtazama binti kwa muda, halafu akanigeukia: "Andika alivyosema."

Mimi si miongoni mwa wanaotaka swali hilo lifutwe. Wamakonde wa Kwale, jamii yenye asili ya Msumbiji, walihangaika miaka mingi wakidai watambuliwe kuwa Wakenya, na kwa watu kama hao kuulizwa kabila na kuandikwa si tusi hata kidogo. Kinachoudhi ni kuulizwa na mtu ambaye amekwisha kukupanga mahali, au asiyekuambia jibu linakwenda wapi. Hata kwenye matatu, abiria akishakwambia anatoka Nakuru nawe ukamrudia na "Lakini ushago kabisa ni wapi?", yaani kijijini kwao asili, anajua unachokitafuta, na mara nyingi atakujibu kwa adabu huku akishika begi lake vizuri zaidi.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 2010, Wakenya tulikuwa milioni 38.6, na zaidi ya 600,000 walikuwa wameandikwa Mkenya tu mahali pa kabila.

Nyumba zilizobaki niliingia peke yangu inapofika zamu ya swali lile, na mzee akawa anakaa kivulini akizungumza na majirani. Ya mwisho katika eneo letu ilikuwa yake. Alijibu maswali ya mifugo na paa la nyumba kwa madaha ya mtu anayejua dodoso lote kwa moyo. Tulipofika kwenye kabila alikohoa, akamtuma mjukuu wake dukani, akangoja mpaka mtoto alipopita lango, ndipo akajibu.