Koti la Studio na Paji la Uso la Mzee

Saa 1:30 asubuhi nilifungua studio yangu ya picha, chumba kimoja jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, nikafuta vumbi lililoletwa na upepo wa kiangazi, kisha nikatundika koti jeusi la kuazima wateja.

Kuanzia saa 2 walikuja vijana wenye bahasha za kaki. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, picha ndogo za maombi ya kazi ndizo zinazonilipia pango. Leo koti lilivaliwa na wahitimu saba na dereva mmoja wa bodaboda, na kwenye karatasi wote wakatoka maofisa. Mimi siuiti uongo. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, aliwaazima wateja suti, saa na hata redio, na picha zile zinatuonyesha watu wa mji ule walivyotamani kuonekana.

Saa 6 aliingia mkulima wa zabibu kutoka Mpunguzi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbukwenyi,” akanisalimu kwa Kigogo.

Nilipomletea koti alilishika kola, akalirudisha. “Mwanangu, nikipeleka picha ya koti hili ushirika, watauliza huyu ni nani.”

Nikampiga picha akiwa na shati lake lenye madoa ya dawa ya mizabibu. Nilimkumbuka August Sander, Mjerumani aliyempiga picha mpishi akiwa na bakuli lake na kibarua akiwa na matofali mabegani, akachapisha kitabu cha picha 60 mwaka 1929. Mwaka 1936 utawala wa Wanazi uliharibu mabamba yake ya kuchapia.

Saa 8 umeme ulikatika, ukarudi saa 10. Msaidizi wangu, kwa haraka ya kumaliza foleni, alikuwa ameipitisha picha ya mzee kwenye programu ya kulainisha ngozi, kama tunavyofanya kwa kila mtu, nami nilipoikuza nikaona paji la uso limekuwa tupu kama sahani. Ile alama ya duara waliyochanjwa wazee wengi wa Kigogo, programu iliihesabu kuwa chunusi. Nikarudi kwenye picha ya awali, nikarekebisha mwanga tu, nikachapa upya.

Saa 12 jioni mzee alizipokea picha zake, akazihesabu, nne, akaomba bahasha na kuwahi daladala. Nilipofunga niliondoka na koti chini ya kwapa. Kola yake imeanza kung’aa kwa jasho la watu, na maji kwangu hutoka usiku.