Jina la mnyama asiyekuwepo

Leo usiku nimefuta tena jina la mnyama wangu. Hadithi yenyewe inakwenda: kisiwa, mikoko, na maji yakitoka kuna kitu kinapita topeni. Shida ni kitu hicho kiitweje.

Majina ya kubuni yenye x na q niliyatupa mapema. Ukiwa na mazimwi, vibwengo, chunusi na vinyamkera nyumbani, ya nini kukopa? Popobawa, yule pepo wa usiku, nimemweka kando kwa sababu nyingine. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walikesha nje kwa kumhofia, na wapo ambao hofu hiyo haijawatoka. Sitaki kuifanyia mchezo. Isitoshe, jina lile halibakizi kitu: popo, bawa, umeshamwona.

Nunda je? Huyu ndiye mwalimu wangu. Katika ngano aliyoichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870, paka wa Sultani Majnuni anaanza na ndama, anapanda hadi watu, mwisho anakuwa nunda mla watu. Mwana wa sultani anaingia mwituni kumsaka. Anaua mnyama huyu, anamleta nyumbani, mama anamwambia siye. Anaua mwingine mkubwa zaidi. Siye. Jina kijana analo, umbo hana! Na sisi wasikilizaji tunakisia naye, kila mzoga unatuongezea ukubwa wa yule ambaye bado hajaonekana.

Basi nataka jina lisilotaja meno wala mbawa. Nimeandika Vumi. Wanakijiji wanalisikia kabla ya kitu chochote, mngurumo chini ya mikoko, na wengi hawapati kuliona.

Halafu kuna ngeli, ambayo kwangu ni nusu ya jina. Simba amekuja, kiboko amekuja; lakini wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo "li" inamtoa kiumbe kwenye ukoo wa wanyama, anakuwa jambo kubwa lisilo na mama. Kwa hiyo Vumi limepita, mavumi yamepita.

Isipokuwa sura ya saba. Humo mna mtoto wa mvuvi aliyezoeana nalo, na wakati wazee wanapiga kelele "limekuja," yeye peke yake anasema "amekuja." Sijaeleza popote kwa nini. Mhariri atadhani nimepitiwa, ataizungushia wino mwekundu, na tutabishana.