Mzee wa Ratanpur aliniuliza kama natoka Jambur

Hapa Vadodara, jimbo la Gujarat, India, nimeshazoea kuulizwa "Nigeria?" na kila dereva wa bajaji. Ndiyo maana siku mzee mmoja wa Ratanpur aliponitazama akaniuliza, kwa Kigujarati, kama natoka Jambur, nilibaki mdomo wazi. Jambur ni kijiji cha Wasidi wenzake, upande wa msitu wa Gir. Alidhani mimi ni wa kwao.

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Wahenga wao waliletwa na majahazi karne kwa karne, wengi wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Ratanpur, wilaya ya Bharuch, ndipo lilipo kaburi la walii wao Bava Gor, juu ya kilima. Wanasimulia kwamba alitoka Afrika akaja kupambana na pepo la kike lililowatesa watu wa huko, likamshinda. Dada yake Mai Misra ndiye aliyelimaliza. Wahindu, Waislamu, hata Waparsi, wote hupanda kilima hicho na nadhiri zao.

Bava Gor huyo huyo ndiye wanayemtaja kuwa mwanzilishi wa biashara ya akiki, yale mawe mekundu ya pete na shanga. Machimbo yako hapo hapo. Mawe huchomwa ili wekundu ukolee, husuguliwa katika mji wa Khambhat, na shanga zake zimevaliwa pwani yetu tangu enzi za majahazi. Babu yangu, Pangani, hakuvua pete yake ya akiki mpaka anazikwa. Alisema ni ya Yemen. Siku hizi sina hakika.

Niseme ukweli, nilikwenda nikitafuta Kiswahili. Nilimwamkia mzee yule "shikamoo" ikaanguka chini, hakuna wa kuiokota. Wanazungumza Kigujarati, chapati zao na dengu ni za Gujarati, na mambo yanayowauma ni ya India. Mfano: Wasidi wa wilaya za Saurashtra, upande ule wa Gir, serikali inawatambua kama kabila la asili, wakapata nafasi zao za masomo na kazi. Hawa wa Bharuch, damu ile ile, hawamo kwenye orodha.

Usiku ngoma ikaanza. Wenyewe huiita dhamal, au goma. Goma! Ile kubwa, mugarman, inasimama kwa miguu yake kama msondo wa kwetu. Kuna malunga, upinde wenye kibuyu. Mahoteli ya karibu na Gir huwaleta Wasidi wamevaa manyoya ya tausi, wanarusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa, watalii wanapiga picha baada ya kuona simba. Pale kaburini hakukuwa na manyoya wala kamera. Mama mmoja alipandisha, wenzake wakamshika mabega, wapigaji hawakupunguza mkono.

Walipopumzika nikamuuliza kijana mmoja jina la ngoma ndogo iliyokuwa magotini pake.

"Musindo."

Nikamwomba arudie. Nikamweleza kwa Kihindi changu cha kubahatisha kwamba hata kwetu neno hilo lipo, mshindo, kishindo cha ngoma. Akalionja mdomoni, mshindo, mshindo, kisha akacheka na kutikisa kichwa.

"Hapana, bhai. Unalitamka vibaya. Mu-sin-do."