Taneli imewaka, mzigo haupiti

Saa saba usiku, nimepanda darini maana chini joto halikaliki, laptopu mapajani na feni yake yalia kama mashine ya boti. Tangu baada ya isha napigana na taneli moja tu, yaani njia ya mtandao ninayoichora mwenyewe ili data ipite nitakako mimi. Moja!

Nina ruta nne za kuigiza humu ndani ya laptopu, vile vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni, nimezipa majina ya kwetu Lamu: Amu, Matondoni, Kipungani, Mokowe. OSPF, ile itifaki inayozichagulia ruta njia fupi, ikiachiwa yenyewe inatoa pakiti za data Amu na kuzivusha Mokowe moja kwa moja maana ndo karibu, mimi nataka zizunguke Matondoni na Kipungani, kule laini imelala tu. Ndo kazi ya MPLS-TE hiyo, kubandika pakiti lebo za namba na kuzipitisha njia uliyochagua. Mwenye punda wa mchanga hahitaji kuelezwa, Usita wa Mui, ule mtaa mkuu wa Amu, ukijaa watu anapita zake pwani.

Kwanza ikakataa kuwaka. TE nimewasha kila mahali, kumbe interfesi (mlango wa laini) moja ya Kipungani nimesahau amri ya bendiwidhi ya RSVP, itifaki inayoshikia taneli nafasi, na bila hiyo yahesabika haina nafasi hata kilobiti moja, basi njia haipatikani. Nikaweka, ikawaka, nikapiga kelele peke yangu mpaka mama akaita kutoka chini, "We, wazungumza na nani saa hizi?"

Nikatuma pingi, pakiti za kujaribu. Kaunta ya taneli, inayohesabu pakiti zilizopita: 0. Nikatuma mia. 0. Zote zimekwenda zao njia fupi.

Ikabidi nimwandikie jamaa mmoja wa Malindi tuliyesoma naye, naye halali. Akajibu, "Ndugu yangu, umeitangaza au umeijenga tu?" Wallahi nilitamani kufunga laptopu. Taneli kuwaka ni mambo mengine, ruta kuitumia ni mengine, mpaka uandike ruti ya mkono au ile amri ya autoroute announce, inayoiambia ruta iihesabu taneli kama njia. Mstari mmoja! Nikaweka, tresiruti, amri ya kuonyesha njia hatua kwa hatua, ikatoa lebo 17 Matondoni, lebo 16 Kipungani, halafu Mokowe bila lebo kwa sababu Kipungani ameshaivua. Nikakaa nazitazama hizo namba kama picha ya mtoto.

Majibu lakini yanarudi njia fupi. Taneli ni ya kwenda tu, ya kurudi unaijenga Mokowe.

Kilichoniuma ni kingine. Niliiandikia taneli kilobiti 100, nikasukuma zaidi kwa kujaribu tu, zikapita zote. Ile 100 ni ya daftari, RSVP yaandika nani kashika nafasi kiasi gani lakini mlangoni hazuii mtu, kama nahodha aandikaye majina ya abiria vizuri kabisa halafu hageuki kuhesabu vichwa. Ukitaka kuzuia unaweka polisa mwenyewe, amri ya kukata kinachozidi kiwango. Na mimi kazini nimesema kinyume chake mara ngapi, kwa sauti ya mwalimu, na kuna kijana aliniuliza hilohilo mwezi uliopita nikamkata mbele za watu.

Kesho namtafuta. Sasa hivi naona betri 9%, na Mokowe bado haina taneli ya kurudi.