Imetazamwa mara 9,000, oda mbili

Jioni hii, Kariakoo, duka la vitenge. Video ya mama mwenye duka imetazamwa mara 9,000 Instagram. Oda? Mbili.

Tukafungua takwimu za video ile.

Mara 9,000 si watu 9,000. Mtu mmoja akiitazama mara tatu, zinahesabiwa tatu. Akaunti zilizofikiwa, ambazo kila moja huhesabiwa mara moja, zilikuwa 3,000.

Laiki, komenti, kushea na kuhifadhi: jumla 90. Gawa kwa 3,000, zidisha kwa 100: asilimia 3. Watu waliipenda.

Waliogusa kiungo cha WhatsApp kwenye wasifu? Sita tu.

Ila namba iliyonishika ni hii: 41 walihifadhi. Laiki mtu hugusa akipita, lakini anayehifadhi kitenge anakitaka, anarudi kukitazama. Na kila akirudi anakuta “bei DM”, yaani aulize bei kwa ujumbe wa faragha.

Mama akanyamaza, kisha: “Kumbe wananisubiri mimi!”

Ameandika bei ya doti hapo hapo, mstari wa kwanza kabisa. Wiki ijayo tutalinganisha waliogusa kiungo, si laiki.

Wenye maduka, posti yenu ya mwisho imefikia wangapi, na wangapi wamehifadhi? Ziwekeni hapa chini tuzisome pamoja.